Simu Bubu ya Musoki

Saa moja ya asubuhi, sokoni Bunia, Musoki anaruka. Ndiyo, anaruka, mama mzima wa miaka thelathini na sita, mbele ya meza yake ya ufundi simu. Mara nne, mara tano. Kisha anachuchumaa, anainuka, anafungua pindo la kitenge kiunoni na kutoa kitu cha manjano, kidogo kama sanduku la kiberiti.

"Haikuanguka," anasema. "Ikianguka mu njia, mutu njo anaanguka."

Kitu hicho ni simu. Usidhani ni ya vitufe, msomaji. Ina kioo cha kugusa, inafungua WhatsApp, inapokea pesa. Musoki ameibuni mwenyewe. Roho ya simu hiyo inatoka kwenye saa za watoto zenye simu ndani, zile zinazoletwa mbovu kwa mifuko kutoka Kampala. Betri ni ile bapa ya simu za zamani. Gamba amelikata kwa kisu cha moto kutoka kwenye bidoni, dumu la mafuta. Dukani, simu ya kioo ya bei ya chini kabisa ni dola hamsini. Yake ni kumi na tano, na mwaka mzima ametengeneza saba tu.

Kwa nini ndogo hivyo? Ni kwa sababu ya pindo. Wanawake wanaofuata makayabo, samaki wa chumvi, kule Tchomia ziwani, hupita vizuizi vya watu wenye silaha. Simu kubwa ikionekana, imekwenda. Na bila simu hawasikii sauti wanazotumiana kwenye kundi lao, za kuambiana leo njia imeharibika wapi. Simu ya vitufe haizipokei, na wengi wao hawasomi.

"Banaume beko na mifuko," anasema Musoki. "Siye tuko na kitenge. Nilipimia mu pindo, sikupimia mu mukono."

Ya kwanza alimpa rafiki yake Gracieuse, mchuuzi wa makayabo, bure. Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka jana. Hapa sauti ya Musoki inashuka.

Sokoni Bunia simu hununuliwa kwa masikio. Mnunuzi huipigia kwanza, na isiposikika katikati ya kelele anairudisha: "Hii ni jiwe." Basi Musoki akaitia spika kali kuliko umbo lake. Alijivunia mno. Gracieuse alicheka hadi akashika mbavu: "Hii itaamusha hata wafu!"

Sasa, wanawake wa samaki wana sheria moja ambayo haikuandikwa popote: aliye nyumbani hapigi. Aliye njiani ndiye anayebipu, mara moja tu, na kukata. Maana yake, nimefika.

Siku ile Gracieuse alipoibeba kwenda Tchomia, saa nne ikapita, saa tano ikapita, hakuna bipu. Musoki akapiga.

"Nikudanganye juu ya nini?" anasema, macho yakiwa kwenye bisibisi. "Sikupiga juu ya woga peke yake. Nilitaka kujua kama inasikika. Nilitaka aniambie, Musoki, imelia muzuri."

Ililia vizuri. Abiria walikuwa wameshushwa kizuizini, na Gracieuse alikuwa ameapa mbele ya wenye bunduki kwamba hana simu. Elisabeth, mchuuzi mwingine wa samaki aliyesimama naye bega kwa bega, anakumbuka wimbo ukiendelea kiunoni mwa mwenzake, naye ameweka mikono miwili juu ya pindo kama anayenyamazisha mtoto. Dereva aliamriwa aondoe gari, Gracieuse akabaki. Mwili ulipatikana siku ya pili kwenye shamba la mihogo.

Majuto ni mjukuu, na huyu wa Musoki amehamia nyumbani kabisa. Miezi minne hakugusa kazi. Aliyemfuata ni Mama Scholastique, mzazi wa marehemu, na hakuja kumlaani.

"Aliniambia, weye ulifanya simu yenye kulia. Sasa fanya yenye kunyamaza, juu niko na mutoto mwingine."

Ndiyo maana simu ya sasa haina spika ya mlio. Haitetemi, na mtu akipiga, kioo hakiwaki. Ukitaka kujua nani amekutafuta, unaifungua mwenyewe ukiwa salama, na sauti za kundi unazisikiliza kwa kuibana sikioni. Wapita njia wanamcheka: nani atanunua simu bubu? Wanawake wa samaki hawacheki. Wanaulizia zamu yao.

Saa moja na nusu Berthe, mdogo wake Gracieuse, anakuja kuchukua yake. Amerithi biashara ya dada yake, na namba yake pia, kwa kuwa ndiyo wateja wanayoijua. Leo anakwenda Tchomia. Anaifunga pindoni, anaruka mara mbili.

"Yaya Musoki," anasema, akimwita dada mkubwa, "usinipigie."

"Sipigi."

"Apa kwanza."

"Haki ya Mungu, sipigi."

Berthe akishaondoka, Musoki anamkabidhi simu yake mwenyewe mzee Prudent, muuza vocha wa meza ya jirani. "Hata nikilia, muzee, usinipe."

Anapongoja anaeleza mpango wake. Anataka mashine ya kuyeyushia plastiki, ili apate magamba thelathini, moja kwa kila mwanamke wa kundi, kabla njia haijachukua mwingine. Mashine ni dola mia tatu. Siku nzuri meza humpa tatu.

"Nikimaliza ile makumi tatu," anasema, "labda nitapata usingizi."

Saa nne, anachomelea waya uleule kwa mara ya tatu. Saa tano kasorobo, mkono unakwenda upande wa Prudent, unarudi. "Bado," mzee anasema kabla hajaulizwa.

Saa tano na dakika kumi, simu inalia mara moja na kukatika. Prudent anatazama kioo, kisha anamgeuzia. Namba ile Musoki hajaibadilisha jina hata leo. Imeandikwa Gracieuse.

Hapigi. Anaishika simu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka mbele ya wateja, wala hayafuti.

"Amefika," anasema.