Jina la Somoe Kwenye Orodha ya Zamu

Asubuhi nikipita Msimbazi kabla maduka hayajafunguliwa vizuri, huwakuta wenye maduka wakinyunyiza maji mbele ya milango yao ndipo wafagie. Harufu ile ya vumbi lililoloa wengine huipenda, husema inafanana na ya mvua. Mimi hunitia aibu. Leo nataka niwaambie kwa nini, maana sijawahi kumsimulia mtu mkasa huu wote mpaka mwisho.

Nilikuwa darasa la tano, katika shule iliyobanwa na maghorofa ya Kariakoo. Upande mmoja kulikuwa na stoo za vitambaa, upande wa pili magari yakishusha magunia ya viungo na dagaa tangu alfajiri. Vumbi, chaki, moshi wa maboksi yaliyochomwa nyuma ya vyoo, vyote tulivivuta tukaona ndiyo hewa yenyewe. Mimi nilikuwa monita. Sijui kama nanyi mliwahi kupata monita wa aina yangu. Nilikuwa na daftari la wapiga kelele, na niliweza kukuandika hata kwa kupiga chafya mara mbili.

Niliketi dawati moja na Somoe, msichana mwembamba ambaye wazazi wake walitoka Lindi na walikuwa wakiuza ufuta sokoni. Somoe alikuwa na pumu. Sisi tulichojua ni kwamba kuna siku haji, na siku nyingine akija kifua chake kinapiga mluzi kama filimbi iliyoziba.

Mwaka ule tukaletewa nesi wa shule. Nesi Aloisia alikuwa mama mnene wa Kichaga, mwenye viatu vyeupe visivyotoa sauti, na wiki yake ya kwanza hakutibu mtu. Alizunguka tu. Alipitisha kidole juu ya makabati, akanusa madarasa, akaandika. Kisha mambo yakaanza kubadilika. Taka zikawa hazichomwi watoto wakiwa shuleni. Ubao ukafutwa kwa kitambaa kibichi. Hakuna aliyeruhusiwa kufagia kabla ya kunyunyiza maji. Somoe akahamishwa kutoka mbele karibu na ubao, akaketishwa dirishani, nami nikabaki peke yangu kwenye dawati. Zaidi ya yote, akaondolewa kwenye zamu ya kufagia. Kazi yake ikawa kumwagilia maua.

Siku moja nesi alikuja darasani na pampu ya buluu, ile ya kuvuta dawa, akatufundisha.

"Mwenzenu akibanwa, mkalisheni wima. Msimzonge. Mpeni pampu yake, na mmoja akimbie kuita mtu mzima," alisema. "Na nisisikie mtu anasema anajifanya. Hakuna anayeweza kujifanya kukosa pumzi."

Mimi wakati huo nilikuwa nikiiga mwendo wake chini ya dawati kwa vidole viwili, jirani zangu wakijizuia kucheka. Niliona ni upendeleo mtupu. Sote tunafagia, yeye anamwagilia maua kama bibi harusi.

Alhamisi moja Nesi Aloisia alikwenda kwenye semina. Nikaandika orodha mpya ya zamu, nikaibandika ukutani. Jina la kwanza lilikuwa la Somoe.

"Nesi amesema nisifagie," akaniambia taratibu.

"Nesi hayupo. Au unataka nikuandike?"

Akachukua fagio. Ndoo ya maji ilikuwa mlangoni, lakini nikasema hakuna muda, mwalimu anakuja. Vumbi likapanda mpaka likaonekana likielea kwenye mwanga wa dirisha. Kabla hajafika nusu ya darasa, Somoe alisimama akaegemea ukuta. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Alinitazama, akanyoosha mkono kuelekea mkoba wake uliokuwa juu ya dawati, hatua tatu tu kutoka niliposimama.

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Anajifanya huyo."

Hatua tatu. Sikuzipiga.

Aliyezipiga ni Pendo, msichana mkimya wa dawati la nyuma, ambaye kumbe siku ile ya pampu alikuwa akisikiliza. Alimkalisha wima, akaitikisa pampu, akamwekea mdomoni, huku akipaza sauti, "Mwiteni mwalimu!" Midomo ya Somoe ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mwalimu mkuu alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari, wakaenda hospitali. Tukabaki tumesimama, na fagio likiwa sakafuni.

Somoe alirudi shule wiki iliyofuata. Nesi Aloisia akatuita sisi wawili kwenye chumba chake.

"Nani alikupa fagio?" alimuuliza Somoe.

Somoe hakunitazama. "Nilichukua mwenyewe, nesi. Nilitaka kusaidia."

Juu ya meza kulikuwa na ile orodha ya zamu, yenye mwandiko wangu. Nesi aliikunja mara mbili, akaitia kwenye droo.

"Zuhura," akaniambia, "kuanzia kesho wewe ndiye utakayenyunyiza maji kila asubuhi. Na utajifunza pampu mpaka uweze kuishika ukiwa umefumba macho."

Nilitamani anichape, maana viboko huisha. Nilinyunyiza maji mwaka mzima, na siku wageni walipokuja kuona shule yetu ilivyojali wenye pumu, mimi ndiye niliyesimama mbele kuwaonyesha jinsi ya kumsaidia mtu aliyebanwa. Walinipigia makofi. Pendo naye alipiga.

Miaka yote nilijiambia kwamba Somoe alinifichia kosa langu kwa sababu alinisamehe. Juzijuzi nikamkuta Mtaa wa Kongo, ana duka la vitenge, mtu mzima mwenye watoto wawili. Baada ya kusalimiana nikajikaza, nikamwomba radhi, nikamshukuru kwa wema wake wa siku ile.

Akacheka kidogo, kwa mshangao. "Wema gani, shoga? Nilikuwa nakuogopa. Nesi anarudi chumbani kwake. Mimi nabaki na wewe darasani."

Mteja akaingia, Somoe akageuka kumhudumia.

Nesi Aloisia alikuwa ameondoa moshi, chaki na vumbi. Vyote hivyo aliviona kwa wiki moja tu ya kunusa na kupitisha kidole. Lakini yeye alikuwa mmoja, na madarasa yalikuwa mengi. Akigeuka, pumzi ya Somoe ilibaki mikononi mwetu sisi watoto. Alitufundisha kwa sababu hiyo, nami nilikuwa nikicheza kwa vidole chini ya dawati. Kile nilichokiita msamaha kwa miaka yote kilikuwa woga wa mtoto aliyetoka hospitali, aliyejua kesho yake asubuhi atanikuta nimesimama mlangoni mwa darasa.