Ndoo Yangu Tamashani

"Sasa mwanangu, kwenye hayo mahema maji mtachota wapi?" mama aliniuliza nyumbani Mbozi, nilipomuaga kwenda tamasha kubwa la muziki Ulaya. Nikafungasha na ndoo yangu.

Kule mhudumu wa kambi alitaka kututembeza, atuonyeshe maji na vyoo vilipo. Nikakataa, mimi lazima nijionee mwenyewe. Nikapata bomba mbali, ng'ambo ya jukwaa, nikajitwika ndoo, mikono nikaiachia. Watu wakanipisha, wakashangilia.

"We dada, wanadhani na wewe ni msanii!" akacheka Neema, rafiki yangu wa Tunduma.

Nikavimba kichwa. Nikawainamia, na ndoo nzima ikanimwagikia.

Ila kabla ya hapo halikudondoka hata tone, na najivunia. Baadaye sana, nikitazama picha zetu, nililiona bomba jingine: nyuma ya hema letu.