Anwani Niliyoithibitisha Mwenyewe

Kwamba anwani za intaneti za nyumbani hubadilika, hilo nililisikia tu kwa jirani yangu hapa mtaani Murara. Kwamba ya kwetu haibadiliki, nililiona kwa macho yangu; na hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia.

Vita vilikuwa vimefunga njia ya Butembo, na binti yetu Kavira, mwenye duka huko, hakuweza kuja kumwona mama yake mgonjwa. Tulifunga kamera chumbani, sawasawa na ile ya dukani kwake, ili amtazame kutoka huko. Alihitaji anwani isiyobadilika. Sikutulia: asubuhi nzima nilizima modemu, nikaiwasha, nikasoma anwani ya kamera kwenye simu, nikazima tena. Haikubadilika hata tarakimu moja.

“Muzee, adresi zinabadilikaka,” jirani alinionya dirishani.

“Umepima, ama umesikia?”

Akaondoka dirishani, nami nikajiona profesa. Nilimpigia Kavira, nikamsomea namba kwa sauti ya darasani.

“Papa, picha imekuja!” Kisha akasita. “Lakini niko naona mama mumoja, amenipa mugongo, ameshika simu.”

“Mama yako hana simu,” nilimkemea. “Tazama vizuri.”

“Papa! Ni mimi! Umenipa adresi ya ndani ya nyumba; kila nyumba inaweza kuwa nayo. Hii ni kamera ya duka yangu!”

Mengine nawaachia wanaoyasimulia. Ninachoweza kukishuhudia ni hiki: mke wangu, katika kitenge chake cha Pasaka, alikuwa bado anaipungia kamera mkono.