Mteja wa Kisahani

Nasambu hakuwa mtu wa kupendwa, na mimi sikumpenda. Nilikuwa nikishona viatu kwenye veranda ya duka la Mjapani, njia ya Yamumbi, na kila Jumamosi mwanamke huyo alinipita na kikapu chake bila kunitupia hata salamu. Ukimsalimia wewe, alikutazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua, akiamua kama ataisugua au ataitupa. Kwa hiyo mtu asinisikie nikimtetea akadhani alikuwa rafiki yangu. Namtetea kwa sababu waliomsengenya walinichosha, na wengi wao walikuwa wapumbavu.

Duka lilikuwa la Bi Chizuru. Mume wake alikuwa kocha, mmoja wa wale wanaoleta vijana kutoka Japani waje kukimbia huku kwetu kwenye baridi na hewa nyepesi. Vijana wale miguu walikuwa nayo, lakini ugali uliwashinda. Ndipo mama huyo akafungua duka la vyakula vya kwao: mchuzi mweusi wa soya, majani ya baharini yaliyokaushwa, tambi za kila namna, figili ndefu kama mkono wa mtu mzima. Kwa kuwa Wajapani wenyewe walikuwa wachache, aliuza pia unga, sukari, maziwa na sabuni kama duka lingine lolote. Kiswahili chake kilitoka kitabuni. Alikuwa akimwita kila mtu "mheshimiwa", hata wabeba mizigo wa Turbo waliokuja kunywa soda.

Kilichowaudhi watu ni kisahani. Bi Chizuru hakupokea pesa mkononi. Alikuwa na kisahani cha mbao juu ya kaunta, unaweka pesa yako pale, anakivuta kwake kwa mikono miwili, anainama, anakurudishia chenji palepale. Wiki ya kwanza Mzee Wanyama, ambaye maisha yake yote amekuwa mzee wa kanisa, alikiona akajua ni sahani ya sadaka. Akatia sarafu, akavua kofia, akafumba macho akingoja maombi. Alipoona hakuna anayeomba alitoka akinung'unika kwamba kanisa la Wajapani halina hata wimbo, na sukari aliyotumwa akaisahau.

Huyo alituchekesha. Wengine walikasirika kweli. Huku kwetu pesa hutoka mkononi ikaingia mkononi, na mtu akikutegea sahani unajiuliza amekuona una ukoma? Mimi mwenyewe nilikasirika. Nilikaa wiki nzima nikinunua majani chai mbali ili tu nisikiguse kile kibao. Baadaye nikachoka kutembea.

Nasambu alikipenda siku ile ile alipokiona. Nilikuwa mlangoni. Alisimama mbele ya kaunta akakiangalia muda mrefu, kisha akaweka noti yake pale taratibu. Chenji ilipoletwa kwa namna ile ile akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo la maana. Kuanzia hapo hakununua kwingine, ingawa bei ya Bi Chizuru iliuma. Watu wakasema ni madharau, kwamba mjane wa Thuo siku hizi anakula vya Wazungu. Mjapani si Mzungu, niliwaambia, na hakuna aliyenisikiza.

Sababu yake niliijua baadaye, tena si kwa Nasambu, maana yeye hakumweleza mtu. Niliisikia kwa Edinah.

Edinah alikuwa na kioski karibu na kwa Nasambu, cha mabati, chenye dirisha la wavu wa chuma na tundu dogo la kupitishia pesa na bidhaa. Yeye na Nasambu walitoka upande mmoja, Kimilili, wakaimba kwaya moja, wakapokezana watoto mgongoni. Tofauti yao ilikuwa waume. Wa Edinah alikuwa Mluhya mwenzake. Wa Nasambu alikuwa Thuo, Mkikuyu, fundi wa mabomba, na kabla ya uchaguzi wa mwaka wa elfu mbili na saba hakuna aliyeona ajabu katika hilo. Baada ya matokeo kutangazwa, ghafla kila mtu akakumbuka. Vijana wakaweka magogo barabarani, wakapita kioski kwa kioski wakisema atakayewauzia watu wa kabila lile chakula ataungua pamoja nao.

Mtoto wa Nasambu, Nekoye, alikuwa na homa, na nyumbani hakukuwa na kitu. Nasambu akapita nyuma ya ua mpaka kwa Edinah. Akaomba unga wa uji na maziwa. Akapitisha mkono wenye pesa kwenye lile tundu.

"Niliusukuma nje," Edinah aliniambia, amekaa kwenye kigoda changu akingoja nimalize kushona sandali yake ya ngozi. "Ule mkono. Niliusukuma na mkono wangu, nikafunga dirisha. Unga ilikuwa hapo nyuma yangu, akaiona."

Thuo akatoka kesho yake asubuhi kwenda kutafuta unga mwenyewe. Alikutwa kwenye magogo. Sitasema walichomfanya, kwa maana waliofanya bado tunapishana nao sokoni na mmoja wao viatu vyake hushonwa na mimi. Nyumba ilichomwa jioni ile. Nasambu na watoto walifikishwa kambi ya wakimbizi ya Showground na lori la polisi, na aliporudi Yamumbi mwaka uliofuata alirudi kwenye kiwanja chenye majivu na bomba la maji ambalo Thuo alilifunga kwa mikono yake. Watu walimshauri auze aende zake. Akajenga palepale kwa mabati ya msaada.

Kisha zikaja semina. Mungu anisamehe, nilizichukia zile semina. Soda, mkate, fulana yenye picha ya njiwa, na wageni kutoka Nairobi waliotuambia tupendane kisha wakaondoka kabla mvua haijaanza. Kanisani mchungaji akawaita mbele waliokosana. Edinah akaenda mbele analia, akanyoosha mkono. Nasambu alikwenda mbele pia, kwa sababu aliitwa kwa jina mbele ya watu wote, lakini mikono aliikunja akaiweka kwapani. Akasimama hivyo mpaka kwaya ikamaliza beti zote ikaanza tena. Tangu siku hiyo akawa mwenye roho ngumu. "Yaliyopita si ndwele," walimwambia kila mahali, kisimani, kwenye kinu, matangani. Ni rahisi kusema. Mkuki kwa nguruwe. Wote waliomwambia hivyo waume zao walikuwa nyumbani wakinywa chai.

Kwa hiyo unaelewa kisahani. Ni kama alikuwa amekula kiapo kwamba katika mtaa huu hatatia tena pesa katika mkono wa mtu. Duka la Bi Chizuru ndilo peke yake hapa ambapo mtu angeweza kununua chumvi akashika kiapo.

Basi mambo ya dunia. Barabara ilipopanuliwa vioski vyote vilibomolewa, na Edinah, ambaye sasa alikuwa hana kitu, aliomba kazi kwa Bi Chizuru akaajiriwa kukaa kaunta. Jumamosi ya kwanza nilitua sindano yangu chini nikangoja. Nasambu aliingia, akamwona ni nani amekaa pale, akasimama. Nikasema sasa ataondoka. Hakuondoka. Alichukua vitu vyake rafuni polepole kuliko siku zote, akaja, akaweka pesa kwenye kisahani. Edinah, aliyekuwa amefundishwa, akakivuta kwa mikono miwili, akainama, akarudisha chenji.

Waliishi hivyo miaka. Kila Jumamosi, kisahani kwenda, kisahani kurudi. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na hawa wawili walikuwa wamelivaa vazi lile lile tena, ila sasa kila mmoja ameshika pindo lake. Nilikuwa nikimchukia Nasambu kidogo kwa jinsi alivyotulia. Edinah alikonda. Bi Chizuru, ambaye hakujua lolote, alimsifu Nasambu kuwa ndiye mteja pekee mwenye adabu za Kijapani.

Kocha alipomaliza mkataba Bi Chizuru akaondoka naye, na duka likanunuliwa na Mahamud. Mahamud ni mtu wa malori, mwepesi, anayejua kuuza. Tambi aliziacha, figili akazifukuza, na Edinah akambakiza kaunta. Kwa kuwa Nasambu wiki zile alikuwa Kitale akimuuguza dada yake, hakuyaona mabadiliko. Mahamud alisafisha kaunta siku ya kwanza, na kisahani akakirusha kwenye boksi la takataka, akisema watu wa hapa si Wajapani na laini ni lazima iende haraka.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi tena, ule wa unga kuadimika. Kura zilikuwa karibu, na kila mtu aliyekumbuka alikuwa akinunua akiba. Hakuna aliyesema anaogopa. Walisema tu kwamba wageni wanakuja. Maduka mengine yote ya upande wetu unga ulikwisha; wa Mahamud ulikuwepo kwa sababu malori ni yake. Foleni ilitoka mlangoni ikafika kwenye sindano yangu.

Nasambu alirudi siku hiyo. Alipanga foleni kama wengine, na alipofika mbele aliomba unga wa uji na maziwa. Nilimwona Edinah akishtuka. Vitu vikawekwa juu ya kaunta. Nasambu akatafuta kisahani kwa macho, huku na huku, noti mkononi.

"Mama, mambo ya sahani yalienda na Mjapani," Mahamud akasema kutoka kwenye magunia. "Peana kwa mkono tu. Watu wako kwa laini."

Nasambu akaiweka noti juu ya mbao ya kaunta. Mahamud, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akaichukua akamrudishia akicheka. Akamwambia ampe Edinah vizuri, hapa hakuna vita. Edinah alikuwa amenyoosha mkono tayari. Nadhani hakukusudia. Mkono ulikuwa umezoea wateja wa Mahamud, ukajinyoosha wenyewe, na sasa ulikuwa pale hewani na hakujua aupeleke wapi. Nyuma kwenye foleni mtu, sitamtaja, akaanza wimbo wake wa yaliyopita si ndwele.

Ilikuwa wazi kwa kila mtu mwenye macho. Ama aondoke bila unga, na kura ziko karibu, na akumbuke nyumba isiyo na kitu ilivyo. Ama atie pesa katika ule mkono.

"Huu mkono wangu uliuona, Edinah," Nasambu akasema kwa sauti ya chini. "Ulikuja kwako na pesa, ukitaka unga ya uji na maziwa. Ukausukuma nje. Hutaushika tena."

"Wangenichoma," Edinah akasema. "Mimi na watoto."

"Najua wangekuchoma. Thuo pia alijua. Asubuhi akitoka aliniambia nisikulaumu." Akakunja noti yake. "Yeye alikusamehe akaenda. Mimi ndiye nilibaki."

Hakulia, na Edinah hakulia. Ningependa kusema kwamba nilijisikia huruma, lakini nilichosikia ni hasira, na hata sasa sijui ilikuwa ya nani. Nasambu akaviacha vitu juu ya kaunta akageuka kuondoka. Foleni ikampisha. Mtu wa yaliyopita si ndwele alikuwa anaangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vibovu.

"Ngoja," Edinah akasema.

Akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye aproni kama umelowa. Akaenda nyuma ya maboksi ya tambi, tukamsikia akisogeza vitu. Alirudi na kisahani. Alikuwa amekitoa kwenye takataka siku ile ile kilipotupwa, akakificha, bila kumwambia mtu. Akakipangusa, akakiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili, akainama.

Mahamud akauliza hiyo ni nini tena.

"Ya huyu," Edinah akasema. "Huyu peke yake."

Nasambu alisimama akikiangalia, kama siku ya kwanza. Halafu akarudi, akaweka noti. Kisahani kikaenda, kikarudi na chenji. Akatia unga na maziwa kikapuni, akanipita mlangoni. Nilimwambia siku njema, mama. Hakujibu.

Kanisani walisikia, na mchungaji akahubiri kwamba kuna watu mioyo yao ni mbao. Nilitoka katikati ya mahubiri. Jumamosi iliyofuata, Nasambu akiwa bado ng'ambo ya barabara akingoja lori lipite, Edinah alimwona kupitia mlangoni, akaacha kumhudumia mtu aliyekuwa mbele yake, akakiweka kisahani tayari.