Fomu Yenye Doa la Chai

(Msomaji huyu ametuandikia kutoka Kariakoo. Jina lake tumeliweka kapuni.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mke wa miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha nne, na ndoa yangu ina miezi mitatu tu. Tunapanga chumba hapa Kariakoo. Mume wangu nampenda hadi naona haya kuandika. Jioni nikisikia baiskeli yake ikigonga kizingiti, moyo unaniruka kama vile ndiyo kwanza ananiposa. Huniletea asumini za kuweka kwenye nywele, amezifunga kwa karatasi ya ofisini. Lakini siku hizi hata asumini zile zinaniliza.

Mume wangu anafanya kazi ofisi ya umeme. Anapokea fomu kutoka mikoani, zinazoonyesha kila mji unahitaji umeme kiasi gani kwa kila saa, na kuzihamishia kwenye mfano wa gridi: mchoro mkubwa wa ukutani wenye vituo vyote na nyaya zinazoviunganisha. Mchoro huo ndio unaowaambia wakubwa transfoma mpya ipelekwe wapi.

Wiki ya pili ya ndoa kazi ilimzidi, akaja na fomu nyumbani, jambo ambalo limekatazwa kabisa. Jumapili mchana tukakaa mkekani, yeye anachora rasimu ya mchoro kwenye karatasi, mimi namjazia jedwali lenye safu ishirini na nne za saa.

"Mwandiko wako mtamu kuliko halua," akasema. Nikacheka hadi nikamwaga chai juu ya fomu moja. Alikuwa ameinamia mchoro, hakuona. Kwa aibu ya bibi harusi nikanakili tarakimu zake haraka haraka, kisha nikaificha sandukuni, chini ya kanga zangu.

Fomu ile ilitoka mkoa wa kusini, kwa karani mzee aliyetii agizo la kutumia Kiswahili maofisini. Wenzake wote waliandika saa 19. Yeye aliandika "saa 1 jioni", wakati kila nyumba inawasha taa. Mimi nikayaweka mahitaji yote yale kwenye safu ya 1. Na safu ya 1, ndugu zangu, ni saa saba usiku, maana jedwali linahesabu saa kuanzia usiku wa manane.

Ofisini wakacheka sana. "Huko kwenu mnasonga ugali saa saba usiku?" mmoja akamtania mume wangu, maana naye ni mtu wa kusini. "Au wachawi nao wameunganishiwa umeme?"

Mchoro ukaonyesha mji ule hauna shida jioni, transfoma yao ikapelekwa kwingine. Sasa kila magharibi taa zao zinafifia, na wodi ya wazazi wanawasha karabai.

Mzee akaitwa Dar es Salaam kujieleza. Fomu haimo kwenye faili, na nakala aliyobaki nayo kule kusini imeliwa na mchwa. Linalosimama ni jedwali, na jedwali linasema 1. Siku ya pili akaja hapa nyumbani, viatu vimejaa vumbi la Mnazi Mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, bibi harusi." Akamgeukia mume wangu. "Mwanangu, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Mimi niliandika jioni."

Mume wangu, ambaye moyo wake hauna hila, akajibu, "Mzee wangu, naapa, fomu zote nilizirudisha kwenye faili. Yako sijui imepotelea wapi."

Nikampa mzee chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Basi labda ni uzee," akasema. "Labda sikuandika."

Wasomaji wenzangu, angenitukana ningepumua.

Mwisho wa mwezi mume wangu atatia saini maelezo yake, na mzee ataachishwa kazi. Nikiitoa fomu, atakayefukuzwa ni mume wangu, kwa kutoa karatasi za serikali nje ya ofisi, na atajua kuwa nilimwacha aape uongo mbele ya mtu wa kwao. Jana ameniuliza, "Mpenzi, mbona siku hizi hucheki?" Nikasema ni joto.

Doa limekauka, lakini neno "jioni" linasomeka vizuri kabisa. Kila nikitoa kanga ya kujitanda, nalisoma. Nishaurini, dada na kaka zangu, nifanye nini? Na nikisema, nianze kumwambia nani: mume wangu, au yule mzee ambaye sasa haamini mkono wake mwenyewe?