Mkono wa Bi Karibu

Fundi wa baiskeli pale karibu na Marikiti akifungua valvu ya gurudumu, upepo hutoka kwa mkupuo mmoja mkavu, kisha kimya. Wenzangu hupita zao. Mimi husimama, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa akipumua Bi Karibu, na hasira ya mambo aliyotendewa haijanipoa hata leo.

Bi Karibu alikuwa kasa. Wavuvi walimwokota akielea, wakamleta kwenye nyumba ndogo ya samaki huko kwetu Mji wa Kale: vyumba viwili vya matangi ya kioo, na uani birika la simiti lililojazwa maji ya bahari kwa pampu. Kibao cha mlangoni kilisema kwamba hapo viumbe vya bahari hutibiwa, huchunguzwa, na watu huelimishwa. Aliyetibu alikuwa mamangu mdogo, Khole. Aliyeelimisha alikuwa mwenye nyumba, Bwana Twalib.

Kasa yule alielea upande, kiuno juu, mkono wa kulia ukipiga hewani bila kupumzika.

"Mwamwona? Awasalimu!" Bwana Twalib aliwaambia wageni. "Sasa mtamjibu mikono mitupu?"

Kwetu salamu si jambo la mchezo. Mtoto akimpita mkubwa bila kumwamkia, habari humtangulia nyumbani. Basi tulijipanga ukingoni, tukapunga, tukapaza sauti, "Masalkheri, Bi Karibu!" na kumtupia vipande vya ngisi kutoka ndoo ya Bwana Twalib. Nyanya yangu, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, alimwinamia akamwambia, "Una adabu, bibi, kuliko hawa wajukuu wangu."

Alasiri moja ua ulikuwa umejaa watu. Khole alitoka chumba cha dawa, mikono yake ikinuka iodini, akasimama baina ya ndoo na birika.

"Bwana Twalib, nimekwambia tangu juzi. Tumbo limeziba. Hewa imemjaa ndani, hawezi kuzama. Msimpe kitu."

"Wee Khole, tangu lini mgonjwa akanyimwa chakula? Ale apate uzito, atazama mwenyewe."

"Kwani ni gunia la mchele?"

Watu wakacheka. Bwana Twalib hakucheka. "Na hawa wageni niwaonyeshe nini? Maji?"

Khole akafungua kinywa kumjibu, lakini nyanya, mamake mzazi, alimtangulia. "Khole mwanangu, watuaibisha. Mgeni huyu atunyoshea mkono, wewe wamrudisha mtupu?"

Khole hakuweza kubishana na mamake mbele za watu. Alisogea. Ndoo ikapita mkono kwa mkono mpaka ikabaki maji.

Wiki haikwisha, Bi Karibu akafa. Khole alimpasua palepale uani, mchana, na alipotuona watoto tumesimama mlangoni hakutufukuza. Alituita karibu. Ndani ya utumbo kulikuwa na donge la mifuko ya nailoni lililosokotana na uzi wa nyavu, na nyuma ya donge ngisi wetu, vipande kwa vipande, vimeoza bila kupata njia. Bwana Twalib alikuja mbio na mkeka, akafunika.

"Nendeni makwenu. Haya si mambo ya watoto."

Hayo ndiyo mafunzo pekee niliyoyapata katika nyumba ile, na aliyafunika.

Tangu hapo nimejisomea kila nilichokipata juu ya kasa. Mwenye hewa tumboni huachwa atulie, hazidishiwi chakula mpaka njia ifunguke. Baadhi hupona, baadhi hufa. Sisemi huyu angepona. Nasema kulikuwa na mtu aliyejua, alisema kwa sauti, na akanyamazishwa kwa jina la ukarimu. Nyanya simlaumu sana, aliamini alichoambiwa. Bwana Twalib alikuwa ameambiwa.

Nyumba ile ipo bado, ina mwenyewe mwingine. Ukutani, kando ya mlango, amechorwa kasa ameinua mkono wa kulia, na chini yake neno Karibuni. Kila rangi ikififia hupakwa upya. Majuzi nilipita hapo na binti yangu. Aliiona picha, akainua mkono kumpungia.

Niliushika mkono wake, nikaushusha.

"Kwani hasalimu, mama?"

"Hasalimu," nikamwambia. "Anajaribu kuzama."