Waziri Mkuu Aliyetuokolea Uwanja Langley Park

Enzi zetu Langley Park, huku ughaibuni, miaka ile ya elfu mbili na kitu, mtoto alitoka nje Jumamosi asubuhi akarudi jioni, goti limechubuka, nguo zinanuka majani, na hakuna aliyempigia simu maana simu hakuwa nayo. Uwanja wetu ulikuwa kipande cha nyasi nyuma ya jengo letu la kupanga, magoli ni mabegi ya shule. Mimi shule niliiacha njiani, na leo namiliki malori manne ya kuhamisha vyombo vya watu. Digrii yangu niliipatia kwenye nyasi zile.

Mama alikuwa anabeba boksi, kibarua cha kutunza wazee kule Wheaton. Mzee wake mmoja aliwahi kuwa waziri mkuu wa kisiwa huko Karibiani, akaja kuzeekea kwa binti yake. Mama alimwita Mheshimiwa hata akimkata kucha za miguu. Shule zikifungwa nilifuatana na Mama kazini, na mzee alinisimulia maisha yake tukicheza domino, akiibamiza meza mpaka vikombe vinaruka: alivyozaliwa kwa mkata miwa, akaongoza mgomo wa wakata miwa, akashindwa uchaguzi mara mbili, wa tatu akabebwa juu juu mpaka ofisini, halafu wenzake wa chama wakamng'oa akiwa safarini. Kisiwa chenyewe, alisema, unakizunguka kwa gari na chai bado ya moto.

Basi maneja wa jengo letu akatangaza kwamba uwanja utawekwa lami, magari yaegeshwe. Watoto tukaandika barua ya kupinga, lakini ilitaka saini za watu wazima, na wakubwa waligoma. Wengine makaratasi yao ya uhamiaji hayajakaa sawa, wengine waliogopa tu kufukuzwa. Nikampelekea mzee kilio changu. Hakunionea huruma hata kidogo.

"Ulianza kwa kuomba saini?" aliniuliza. "Ndiyo maana umeshindwa. Mimi kura yangu ya kwanza niliipata kwa kuomba maji. Aliyekupa maji atakukalisha. Ukishakaa, nyamaza. Mwache aseme yeye."

Niligonga milango yote kuomba maji. Mama Kapinga, Mkongomani wa ghorofa ya tatu, alinitazama nikimaliza glasi.

"Wewe mtoto, kwenu bomba imekufa?"

Nikanyamaza. Akaanza mwenyewe kulalamika jinsi wanawe wanavyoganda kwenye televisheni kama wagonjwa, na uwanja ukiondoka itakuwaje. Alisaini huku bado anaongea. Nilitembea nimebana miguu, tumbo limekuwa pipa, lakini barua ilijaa saini mpaka nyuma ya karatasi. Maneja aliisoma, akakunja uso, lami ikafutwa. Baadaye wakatuletea magoli ya chuma.

Mzee alipopata habari alimwambia Mama, "Huyu angekuwa kisiwani kwangu, ningemwogopa." Nani kati yenu amewahi kusifiwa hivyo na waziri mkuu?

Vijana wa leo wakitaka kitu wanatupa linki kwenye grupu, wanarudi kulala. Jumamosi iliyopita nilipita pale. Magoli yapo, nyasi zimekatwa vizuri, mtoto hata mmoja hakuna, mpira tu umesahauliwa kwenye ua. Niliegesha lori, nikaingia na mabuti yangu ya kazi, nikapiga penalti peke yangu. Nilifunga, kwa taarifa yenu. Nikainua mikono juu, nikageukia madirisha ya jengo letu.